Konokono na Kichocho Magharibi ya Ziwa Victoria

Kichocho huletwa na minyoo wa damu ambao hawamfikii binadamu bila kwanza kuishi ndani ya konokono wa maji baridi. Kwa hiyo katika nchi inayoanzia wilaya ya Ngara hadi Ziwa Victoria, historia ya ugonjwa huu ni historia ya maji. Vijito vya Ngara vinavyoshuka vilimani kwa kasi kuelekea mito ya Ruvubu na Kagera haviwafai konokono hao, wanaopenda maji yaliyotulia. Mashariki mambo ni tofauti. Wilaya ya Biharamulo ya zamani, kabla Chato haijatengwa nayo na baadaye kuingizwa katika mkoa wa Geita mwaka 2012, ilifika ziwani. Huko Biomphalaria sudanica hukaa kwenye matete ya ukingoni, na ndugu yake Biomphalaria choanomphala chini kabisa, kwenye mchanga. Hao ndio wanaobeba kichocho cha tumbo. Kichocho cha kibofu hubebwa na konokono wengine, Bulinus, wanaopatikana kwenye malambo na madimbwi ya bara. Lambo likikauka hujificha matopeni hadi mvua irudi.

Yai la mnyoo likifika majini pamoja na kinyesi au mkojo wa mgonjwa huanguliwa, na kijidudu kinachotoka kina saa chache tu za kumpata konokono. Kikishaingia mwilini mwake hujigawa mara nyingi, na konokono huacha kutaga mayai, kwa kuwa chakula chake sasa kinawalisha wageni. Baada ya wiki kadhaa, jua likiwa kali, maelfu ya lava wenye mikia yenye panda humtoka na kuelea wakitafuta ngozi ya mtu. Wote waliotokana na kijidudu kimoja ni wa jinsia moja. Dume na jike hukutana baadaye, ndani ya mishipa ya damu ya binadamu.

Ugonjwa wenyewe ni wa kale mno: mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alikuta mayai ya minyoo hawa kwenye figo za maiti zilizokaushwa Misri zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wenyewe Cairo mwaka 1851, lakini njia yao ilibaki fumbo kwa miaka sitini. Mwaka 1913 Miyairi na Suzuki wa Japani walimtambua konokono, na mwaka 1915 Robert Leiper akathibitisha hivyo nchini Misri. Ugunduzi huo ndio uliobadilisha kila kitu, kwani tangu hapo adui aliweza kutafutwa nje ya mwili wa mgonjwa.

Tiba ilichelewa. Sindano za antimoni, ambazo daktari Christopherson wa Khartoum aliripoti kuzitumia mwaka 1918, zilikuwa kali na zilihitaji wiki kadhaa. Kwa upande wa ziwa, utafiti ulijikita Mwanza kuanzia mwaka 1949, katika kituo ambacho leo ni cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nafuu kubwa ililetwa na praziquantel, dawa ya miaka ya 1970 inayomezwa kwa siku moja. Tangu katikati ya miaka ya 2000 wanafunzi nchini Tanzania hupewa dawa hiyo shuleni, na ili kukadiria kipimo chake mara nyingi hupimwa urefu kwa fimbo badala ya uzito kwa mizani. Dawa hiyo huua minyoo waliokomaa, haiwadhuru sana wachanga, wala haimzuii mvuvi anayeingia tena majini asubuhi inayofuata kupata wengine.