Siku tatu za Kasapa

Asubuhi ya tarehe 25 Septemba 2020, wafungwa wa gereza kuu la Kasapa, mjini Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliasi. Jengo la wanawake likateketea kwa moto. Wanawake 56 waliokuwa wakiishi humo wakabaki uani kati ya wanaume, bila mlango wa kujifungia wala askari wa kumwita. Polisi hawakulirudisha gereza mikononi mwao hadi tarehe 28. Katika siku hizo makumi ya wanawake walibakwa, tena na tena, na miongoni mwao alikuwamo msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 18.

Siku tatu ni saa 72. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mafunzo ya afya ya jamii nchini Kongo anazijua saa hizo. Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya kabla hazijaisha, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU zikichelewa kupita hapo hazitolewi tena, na hata kabla ya hapo kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Wanawake wa Kasapa walizipoteza saa zote hizo wakiwa wamefungiwa pamoja na waliokuwa wakiwatesa.

Somo la saa 72 halikushuka kutoka Kinshasa. Lilikomaa mashariki mwa nchi, wakati wa vita. Mwaka 1999 daktari Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu akikusudia kuwasaidia wajawazito wasife wakati wa kujifungua. Mgonjwa wake wa kwanza hakuwa mjamzito. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kujeruhiwa vibaya, na nyuma yake wakaja maelfu. Upasuaji peke yake haukuwatosha. Mwanamke alipona jeraha, akarudi kijijini, akakuta mume amemfukuza na shamba limechukuliwa. Ndipo Panzi ikaunganisha mambo manne: tiba ya mwili, faraja ya moyo na akili, wakili wa kumsimamia mahakamani, na kazi ya kumpatia riziki. Mwaka 2018 Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki.

Lakini tukimtaja daktari peke yake tutakuwa tumewadhulumu wanawake waliokwenda kwa miguu. Huko Bunia, mwaka 2000, Julienne Lusenge na wenzake walianzisha chama cha wanawake cha SOFEPADI. Goma kulikuwa na Justine Masika Bihamba na muungano wa vyama vya wanawake alioukusanya. Hao hawakungoja mgonjwa aje. Waliwafuata waathirika vijijini, na mara nyingi mwanafunzi wao wa kwanza hakuwa mwanamke aliyebakwa, alikuwa mume wake, mkwe wake, mchungaji wake, chifu wake. Maana mtu akishatoka hospitalini, hao ndio wanaoamua kama ataendelea kuishi miongoni mwa watu. Naiona hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika historia hii, na ndiyo isiyopigwa picha.

Mwaka 2011 Bukavu ikapata kituo cha manusura cha Cité de la Joie, chini ya uongozi wa Christine Schuler Deschryver. Wanawake hukaa humo miezi sita, hujifunza haki zao, kusoma, kujihami na kuzungumza mbele ya watu, kisha hurudi kwao wakiwa viongozi. Hapo aliyekuwa mgonjwa akageuka mwalimu.

Kabla ya hapo, kelele za vyama vya wanawake zilikuwa zimesaidia kuleta sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006. Ya kwanza ilipanua maana ya ubakaji, ikatambua kwamba hata mwanamume anaweza kubakwa. Ya pili iligusa mwenendo wa kesi: upelelezi wa awali usizidi mwezi mmoja, hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu, daktari na mwanasaikolojia waitwe. Ikakataza pia kesi kufutwa kwa kulipa faini. Katazo hilo lilikuwa na sababu. Toka zamani familia zilizoea kumaliza mambo nyumbani, kwa pesa, kwa mbuzi, au kwa kumwoza msichana kwa yule yule aliyemharibu. Wengine bado wanafanya hivyo, huko mashariki katika Kivu, na katika vitongoji vya Lubumbashi, Katuba na Kampemba, pia.

Lubumbashi iko mbali na mstari wa vita vya mashariki, na umbali huo umeigharimu. Misaada, semina na waandishi wa habari walikwenda kulikokuwa na risasi. Katanga, eneo la Lubumbashi, nayo ilikuwa na vita vyake: eneo la Mitwaba, Manono na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo, na Machi 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kiongozi wa wanamgambo wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, kwa makosa ya jinai dhidi ya ubinadamu. Alifungwa Kasapa. Septemba 2011 watu wenye silaha walilivamia gereza hilo, akatoroka pamoja na wafungwa karibu 1000. Kwa hiyo mwaka 2020 hakuna ofisa aliyeweza kusema hakujua kuta zile ni dhaifu.

Baada ya uasi, kesi ilifunguliwa mwaka 2021 dhidi ya baadhi ya wafungwa. Mwaka mmoja baada ya tukio, shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba manusura bado hawajapata matibabu ya kutosha, na kwamba wakuu waliowaacha siku tatu bila ulinzi hawajachunguzwa ipasavyo. Sheria ya Desemba 2022 kuhusu fidia nayo inazungumzia ukatili wa kingono unaotokana na vita. Kasapa hapakuwa na vita. Palikuwa na wanawake waliokabidhiwa kwa dola, na katika magereza ya Kongo walio wengi ni mahabusu ambao hakuna hakimu aliyekwisha kuwatia hatiani.

Kilichofuata kinaniuma kukiandika. Septemba 2024, katika jaribio la kutoroka gereza la Makala, Kinshasa, mamia ya wanawake walishambuliwa. Januari 2025, Goma ilipokuwa ikianguka mikononi mwa waasi wa M23, wafungwa wa Munzenze, gereza la mji huo, walivunja gereza. Umoja wa Mataifa ulisema wanawake wasiopungua 165 walibakwa, na wengi wao wakafa katika moto uliofuata.

Katika nchi hii chakula cha mfungwa huletwa na jamaa zake, na kila siku akina mama hupanga foleni kwenye malango ya magereza wakiwa na masufuria. Watu wa jamii wanafika hadi pale. Wanachokosa ni ruhusa ya kuingiza ndani, pamoja na sufuria, mambo ambayo vyama vya Bunia, Goma na Bukavu vimeyapeleka vijijini kwa zaidi ya miaka 20: mwelimishaji anayejulikana kwa jina, akiba ya dawa za saa 72 ndani ya jengo la wanawake lenyewe, wakili anayepita kila wiki, na mlango wa dharura wa wanawake unaofungukia nje ya ukuta badala ya uani.