Hina Ilipofika Ziwani

Mwaka 1858 ulikuwa na mambo mawili ambayo hayakujuana. Huko Pate, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utenzi wa wasia, na katika aliyomuusia limo suala la kujipamba, hina ikiwa miongoni mwa mapambo asiyoyaache. Tarehe 3 Agosti ya mwaka huohuo, John Hanning Speke, akitokea Kazeh ambayo leo ni Tabora, na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay ubavuni, aliliona ziwa karibu na mahali uliposimama baadaye mji wa Mwanza. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kulijua ziwa hilo, nao ndio waliompa habari zake. Vitabu vimemwandika sana mgeni huyo. Havikuandika sana habari za vitu vidogo vilivyoifuata njia hiyo katika miongo ya baadaye, pamoja na watu wa mwambao na harusi zao: kanga, udi, na majani makavu ya mhina yaliyosagwa.

Hina iliifaa safari. Unga wake mkavu hauchukui nafasi, na atakayeutumia huhitaji maji, ndimu na subira tu. Uchachu wa ndimu huifungua rangi iliyomo ndani ya jani, nayo huingia katika ngozi na ukucha, ikashikamana navyo. Joto huisaidia kazi hiyo, ndiyo maana mikono ya bibi arusi husogezwa kwenye mkaa. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hauna lile vuguvugu la Unguja. Mpakaji aijuaye kazi yake huiacha hina ikae hadi alfajiri.

Mchoro wa kiganjani hufifia baada ya wiki moja hadi tatu, kwa kuwa ngozi hujivua. Ukucha haujivui. Wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi na huchukua kama miezi 6 kujibadilisha wote. Wa mguu huchukua mwaka na zaidi. Hina ya ukuchani basi haifutiki, bali husukumwa. Huonekana kwanza hilali nyeupe penye shina, kisha hilali hupanda, na wekundu hukatwa ncha baada ya ncha. Jirani mwenye macho aweza kuhesabu miezi tangu harusi bila ya kuuliza, na majirani wa namna hiyo hawakosekani.

Rangi ya chupa ina ukoo mwingine kabisa. Huko Marekani, Cutex walianza kuuza rangi ya maji ya kucha mwaka 1917, na Revlon ikaanzishwa mwaka 1932. Ni ndugu wa rangi ya motokaa: hukauka juu ya ukucha ikawa ganda, wala haiingii ndani. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na bidhaa za mbali zikapata njia nyepesi. Ikaja miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo sabuni yenyewe ilitafutwa kwa foleni, sembuse rangi ya kucha. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, vichupa vilirudi madukani. Na baadaye wakatokea vijana wanaozunguka mitaani na vikapu vya vichupa, wakiosha miguu ya wateja na kuwapaka rangi barazani.

Lakini ziwa halilipendi ganda. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, mikono ya mchambuzi wa dagaa hushinda katika chumvi, magamba na maji. Ukucha unaolowa na kukauka mara kwa mara hulainika na kupasuka, na ganda lililo juu yake hubanduka kwa vipande. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea Mwanza katika miaka ya 1990, na hasa baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia samaki wa ziwa hilo mwaka 1999, usafi wa kazi ulikazwa. Kipande cha rangi hakitakiwi kuonekana katika mnofu unaokwenda kuliwa. Hina haina cha kubanduka. Wala haiyazuii maji ya udhu, tofauti na ganda, ambalo wanazuoni wengi wanataka liondolewe kwanza.

Leo saluni za mjini zina rangi ya jeli, inayokaushwa kwa taa na kukaa wiki mbili au zaidi. Ni nzuri kwa asiyeshika maji sana, mradi iondolewe kwa kulowekwa katika asetoni, isibanduliwe kwa meno. Anayeibandua huondoka na tabaka la ukucha wake. Mafuta ya nazi baada ya kazi, na kuiacha ile ngozi ya shinani bila ya kuikata, yatamfaa kuliko chupa ya bei. La kuogopwa ni piko. Weusi wake wa haraka aghalabu hutoka katika dawa ya nywele ambayo Umoja wa Ulaya hauruhusu ipakwe kwenye ngozi, kwani huweza kuiunguza na kuiachia mzio wa maisha. Hina halisi haiwi nyeusi kwa dakika chache, na auzaye nyeusi kwa jina la hina anauza kitu kingine.

Kudumu nako kuna gharama yake. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, na humo hajipambi wala hapaki hina. Aliyefiwa na mume siku chache baada ya harusi hawezi kuvua wekundu alioupaka kwa furaha. Huingia nao edani, nao husogea milimita 3 kwa mwezi. Na muda unapotimia, ukucha umekwisha kusogea kama milimita 13, na kilichobaki cha harusi ni ukingo mwembamba kwenye ncha.