Miaka 30 ya Hila ya Toyota na Adhabu Iliyowakumba Madereva

Novemba 2025 ilitimiza miaka 30 tangu Baraza la Dunia la FIA, shirikisho linalosimamia mashindano ya magari, liifungie timu ya rali ya Toyota miezi 12 kwa udanganyifu. Huku Baraka na Fizi, ambako Toyota ndiyo gari linaloaminiwa kuyashinda matope ya barabara ya Uvira, hukumu hiyo haitajwi, ingawa timu iliyohukumiwa ilijijengea jina katika Safari Rally, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Safari ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1993 magari ya Toyota yalishika nafasi nne za kwanza, yakiongozwa na Juha Kankkunen wa Finland, na mkuu wa timu, Ove Andersson wa Sweden, naye aliwahi kushinda Safari mwaka 1975 akiendesha Peugeot 504.

Hila yenyewe iligunduliwa katika rali ya Catalunya, Hispania, Oktoba 1995. Kanuni zilitaka hewa yote inayoingia kwenye turbo, yaani pampu inayoisukumia injini hewa ili iongeze nguvu, ipite katika pete nyembamba iliyowekwa makusudi kuibana, ili magari yasizidiane mno kwa nguvu. Mafundi wa Toyota waliitengeneza sehemu hiyo kwa namna ambayo, ilipofungwa ndani ya gari kwa kifaa maalumu, springi zilibonyea na kuacha mwanya wa milimita 5 uliopitisha hewa kando ya pete. Mkaguzi alipoifungua, springi zilirudi na mwanya ukajifunga, hivyo alichokishika mkononi kilikuwa halali kabisa. Rais wa FIA, Max Mosley, alikiri kwamba katika miaka 30 ya michezo hiyo hakuwahi kuona hila ya werevu kama ile, na ni sifa ya ajabu kutoka kwa mtoa adhabu.

Timu ilinyang'anywa alama zote za mwaka ule, na madereva wake Kankkunen, Didier Auriol na Armin Schwarz wakapoteza zao, ingawa FIA haikuwa na ushahidi kwamba walijua kilichofanyika. Hapo ndipo ugumu ulipo. Dereva asiyejua lolote bado amekimbia kwa nguvu zisizo halali, na kumwachia alama ni kumdhulumu aliyeshindana naye kwa haki. Lakini kufuta alama zake ni jambo moja, kumhesabu mdanganyifu ni jingine, na tangazo moja lililowajumuisha wote liliwaachia doa wasilostahili, kwa kuwa kosa lao halikuthibitishwa.

Baadaye FIA yenyewe ilifuata njia nyingine. Mwaka 2007, katika kesi ya siri za timu ya Formula 1 ya Ferrari zilizokutwa kwa wapinzani wao McLaren, McLaren ilitozwa dola milioni 100 na kufutiwa alama zake, huku madereva Lewis Hamilton na Fernando Alonso wakibaki na zao, kwa kuwa waliahidiwa kinga ili watoe ushahidi.

Toyota ilirudi rasmi mwaka 1998, ikashinda rali ya Monte Carlo mwaka huohuo, na tangu Safari irejeshwe katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, imeshinda kila mwaka hadi 2025. Kankkunen, aliyekuwa akiwania taji la tano mwaka ule wa 1995, alistaafu akiwa na manne.