Mtaji wa Samaki

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa ripoti ya uvuvi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, niipitie kabla haijachapwa. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kichwa kwa herufi nene: "Tathmini ya Hisa za Samaki". Nikakwama hapo. Mfasiri alikuwa amekutana na neno la Kiingereza stock, akafungua kamusi, akaona hisa, akaendelea na safari yake. Lakini mvuvi wa Ukerewe au Homa Bay akiambiwa hisa za samaki zinatathminiwa, atauliza zinauzwa wapi na nani alimwandikisha.

Wataalamu wa uvuvi wana maana mahususi wanapolitumia neno hilo. Ni samaki wa aina moja walio katika maji fulani, wanaozaliana wao kwa wao, hivi kwamba anayevuliwa upande huu amepungua na upande ule. Kwa ajili ya usimamizi, sangara wa Ziwa Victoria wote huchukuliwa kuwa kitu kimoja cha namna hiyo. Ukishakijua kitu hicho ndipo unapoweza kuuliza kinaanzia wapi na kuishia wapi, kina uzito gani, na kila mwaka kinaweza kutoa kiasi gani bila kudhoofika. Tukikosa jina lake, takwimu zote tunazokusanya zinakuwa takwimu za kitu ambacho hatujakitaja.

Neno nililokutana nalo mara nyingi ni akiba ya samaki. Linapendeza sikioni, ila akiba ni kitu ulichokiweka kando mwenyewe, nacho kikatulia palepale ulipokiweka. Samaki hawakuwekwa na mtu, wala hawatulii: wanazaa, wanakufa, na sangara mkubwa anamla sangara mdogo. Wizara hupenda kusema wingi wa samaki, na kwa kupimia neno hilo linatosha kabisa. Tatizo ni kwamba wingi ni kipimo cha kitu, si kitu chenyewe. Huwezi kusema wingi huu umezaliana na wingi ule. Jamii ya samaki lingefaa kwa wanabiolojia, lakini watu wameshalizoea kwa maana ya aina, kama tunavyosema samaki jamii ya sato. Rasilimali limepanuka mno, siku hizi hata watu wanaitwa rasilimali. Na stoki ni lugha ya dukani. Stoki ikiisha unaagiza nyingine Kariakoo. Ziwa halina pa kuagiza.

Mimi nasema mtaji.

Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, analijua neno hili kwa uchungu. Akianza asubuhi na shilingi 50,000 akamaliza na 60,000, zile 10,000 ndizo za unga na ada ya shule. Siku akigusa zile 50,000, wenzake watasema amekula mtaji, na kila mtu pale anaelewa kwamba kesho atanunua ndoo chache zaidi, atapata faida ndogo zaidi, na keshokutwa ataugusa tena. Uvuvi uliopita kiasi ni jambo hilohilo likitokea majini. Samaki wanaobaki ndio wanaozaa samaki wa kuvuliwa mwakani, na sangara mzazi mkubwa hutaga mayai mengi kupita unavyoweza kufikiria. Ndiyo maana nchi za ziwa zilikubaliana kwamba sangara wa kuchakatwa awe kati ya sentimita 50 na 85: mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae. Ukimweleza mchuuzi kwamba yule wa juu ya sentimita 85 ni mtaji, humalizi hata sentensi.

Nina wasiwasi mmoja na neno hili, nao si mdogo. Ziwani, mwenye mitumbwi na injini huitwa tajiri, na neno mtaji kwa kawaida liko mdomoni mwake. Mtu anaweza kusikia mtaji wa samaki akadhani ni mali ya matajiri na mawakala wa viwanda vya minofu, na wale wenye ndoano na mtumbwi wa makasia wakajiona wamesahauliwa. Kwa hiyo neno haliwezi kwenda peke yake. Linahitaji kivumishi, na kivumishi chake ni "wa ubia".

Tanzania ina takriban asilimia 51 ya eneo la ziwa, Uganda 43, Kenya 6. Mipaka hiyo imechorwa kwenye karatasi, na kwa watu imeleta hata mabishano makali, kama yale ya Migingo, kijisiwa ambacho ukikitazama kwa mbali ni mabati matupu juu ya mwamba. Sangara hasomi mipaka hiyo. Basi tuna mtaji mmoja na wabia watatu, na kila mfanyabiashara aliyewahi kuwa na ubia anajua jambo linalouvunja mapema kuliko hasara: kila mbia kuwa na daftari lake, na madaftari kutosomana.

Wazo la daftari moja si geni. Mwingereza Michael Graham alipolipima ziwa mwaka 1927 na 1928, wakati samaki aitwaye ngege akianza kupungua, alishauri kiwepo chombo cha ziwa zima cha kusimamia uvuvi na kukusanya takwimu. Mwaka 1947 kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki kilianzishwa Jinja. Kazi ya kituo hicho ninayoithamini kuliko zote ni ile ya 1969 hadi 1971, pale meli ya utafiti Ibis ilipokokota wavu wake katika maji ya nchi zote tatu, kwa utaratibu uleule. Watafiti Kudhongania na Cordone walipojumlisha hesabu, furu, wale samaki wadogo wa mamia ya spishi, walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa karibu na sakafu ya ziwa. Leo tunaweza kusema tulipoteza nini kwa sababu mtu alipima kabla hakijapotea.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, 1977. Kituo cha Jinja kikabaki cha Uganda. Kenya ikaunda taasisi yake, KMFRI, 1979, na Tanzania TAFIRI, 1980. Tazama sasa miaka hiyo. Ni miaka ileile ambayo sangara, aliyepandikizwa ziwani katika muongo wa 1950 na wa 1960, alilipuka, kwanza upande wa Kenya, kisha Uganda, kisha Tanzania, na furu wakatoweka kwa mamia ya spishi. Mtaji ulikuwa unabadilika umbo lote, na wabia walikuwa ndiyo kwanza wamegawana madaftari. Kila ninapoisoma historia hiyo inaniuma.

Mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulisainiwa Kisumu tarehe 30 Juni 1994, makao yakawa Jinja. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi ya pamoja, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili: wavuvi, mitumbwi, injini, nyavu na ndoano huhesabiwa mwalo kwa mwalo. Sensa ya kwanza ilikuta wavuvi takriban 129,000. Ile ya 2016 ilikuta karibu 220,000. Kando yake kuna upimaji wa samaki wanaopakuliwa. Haiwezekani kupima kila mtumbwi kila siku, kwa hiyo huchaguliwa mialo michache na siku chache za mwezi, mkusanya takwimu anapima pato la mtumbwi mmojammoja kwa aina ya zana, wa nyavu za makila peke yake, wa ndoano peke yake, wa taa za karabai peke yake, kisha wastani unazidishwa kwa idadi ya mitumbwi ya aina hiyo iliyopatikana kwenye sensa. Njia ya tatu ni mtambo wa mwangwi, unaotuma sauti majini kutoka melini na kusikiliza inavyorudi, na ambao peke yake unawaona samaki kabla hawajavuliwa.

Angalia hatua ile ya kuzidisha. Nchi moja ikiuweka mtumbwi wa tanga fungu moja na wa injini, na nyingine ikautenga, wastani unazidishwa kwa idadi isiyo yake, na kosa dogo la mwaloni linafika Jinja likiwa maelfu ya tani. Na mtumbwi ulioandikishwa nchi moja ukapakua nchi nyingine kwa sababu bei ni nzuri zaidi, samaki wake waandikwe wapi? Nchi zisipokubaliana, samaki hao wataandikwa mara mbili au wasiandikwe kabisa.

Halafu kuna majina. Sangara wa Mwanza ni mbuta Kisumu na mputa Jinja. Dagaa ni omena, ni mukene. Hilo linatibika upesi: jedwali litumie jina la kisayansi, Rastrineobola argentea, na kila nchi iendelee kusema kwa lugha yake. Gumu zaidi ni jina moja linalobeba samaki wengi. Dagaa wa Kigoma ni Stolothrissa tanganicae na mwenzake Limnothrissa miodon, ambao hawana undugu wa karibu na dagaa wa Mwanza. Huyu wa Mwanza yuko karibu zaidi na ningu. Dagaa wa pwani, kina Stolephorus, ni ukoo mwingine tena. Marekebisho ya mkataba ya mwaka 2016 yalilipa shirika la Jinja jukumu hata katika maji mengine ya Jumuiya iliyofufuliwa, na hapo safu iliyoandikwa dagaa tu inaweza kujumlisha mitaji kadhaa isiyohusiana. Kipimo nacho kina mambo yake. Kenya omena huuzwa kwa gorogoro, kopo linalokadiriwa kwa kilo mbili za mahindi. Tanzania kwa ndoo, debe au sado. Omena mkavu aliyejaa gorogoro hana uzito wa mahindi, na hana uzito aliokuwa nao akitoka majini. Asiyeandika pembeni kwamba namba hii ni ya wakavu amemwachia mwenzake fumbo. Maandishi hayo ya pembeni, yanayosema nani alipima, lini, kwa chombo gani, wabichi au wakavu, nayaita maelezo ya data, na nayathamini kuliko namba zenyewe.

Kushirikishana kuna woga wake pia. Nchi inayoonekana inavua zaidi inaogopa kuambiwa ipunguze. Inayoonekana inavua kidogo inaogopa kudharauliwa. Soko, hata hivyo, lilishatutazama kama wabia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu, minofu ya nchi zote tatu ilizuiwa.

Ile ripoti niliirudisha. Ukurasa wa tatu niliandika "Tathmini ya Mtaji wa Samaki", na chini yake: samaki wa aina moja wanaozaliana katika maji yaleyale, wanaosimamiwa kama kitu kimoja hata kama wenye maji ni wengi. Mhariri alinijibu kwa swali moja tu, mtaji wa nani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaongeza neno la ubia, na katika mabano nikayapanga majina kwa alfabeti: Kenya, Tanzania, Uganda.