Pointi 47 (Sehemu ya Pili)

ILIPOISHIA: Gunia la soda kostiki lilipasuka mbele ya bohari ya kiwanda, na mpakiaji mmoja akakimbilia ndoo ya maji. Zamu mpya, mzee mkimbizi aliyepewa kazi ya getini juma hilo, akapaza sauti: "Acheni maji! Itachemka iwaunguze! Zoeni kikavu kwanza." Kisha akasema, kama anayejisemea mwenyewe, maneno niliyowahi kuyasikia kwa mtu mmoja tu: "Soda tatu, mafuta moja, sabuni tatu, gliserini moja."

SASA ENDELEA...

Kalamu ilinidondoka. Wapakiaji walizoa ile soda kwa koleo, wakaitia kwenye pipa, kazi ikaendelea. Mimi nilikuwa namtazama mzee. Ndevu zilikuwa nyeupe na mwili umekonda, lakini kidole alikiinua vilevile kama alivyokiinua mbele ya ubao mwaka 1996.

Bwana Soda. Ndilo jina tulilompa darasani mwalimu wetu wa Kemia. Alilijua, na hakutukataza.

Kwa msomaji ambaye hakusoma Bujumbura miaka ile, nieleze kidogo. Mtoto wa darasa la sita alifanya konkuru ya taifa, yaani mtihani wa mchujo, na nafasi katika sekondari za serikali hazikuwatosha wote waliozitaka. Waliopenya walisoma hadi darasa la kumi, wakapangiwa tawi: Sayansi, Lugha, Ualimu au Ufundi. Mwisho wa yote ulikuwapo Mtihani wa Taifa, tuliouita Egzame Deta, uliofungua au kufunga lango la Chuo Kikuu cha Burundi. Na haya yote yalifanyika katikati ya vita vilivyoanza Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye. Kuna asubuhi tulizofika lise tukakuta geti limefungwa, tukarudi nyumbani kimya kimya.

Sisi wa mtaa wa Buyenzi tulikuwa na mzigo wa ziada. Nyumbani na mtaani kilikuwa Kiswahili. Shuleni karibu kila somo lilikuwa kwa Kifaransa, ila Kirundi chenyewe. Mwalimu wa Kirundi alitupa visokozo, yaani vitendawili, na tungo za kusifu ng'ombe, nami nilikuwa nikitoka darasani kwake nikitabasamu. Wa Kifaransa alitoa imla na kukata pointi kwa kila kosa, hata kwa alama ndogo juu ya herufi. Nasema hadi leo: wengi wa mtaa wetu walioacha shule hawakushindwa na Hisabati wala Fizikia. Walishindwa kulisoma swali.

Bwana Soda alilijua hilo, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Uvira, upande wa Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Gatumba. Somo alilitoa kwa Kifaransa, jinsi ilivyotakiwa. Kengele ikilia, sisi tuliobaki na maswali alitueleza upya kwa Kiswahili, akiwa amekaa kwenye ngazi, chaki bado i mkononi.

Mwaka wake na sisi ulikuwa mwaka wa vikwazo. Mwisho wa Julai 1996, siku chache baada ya Buyoya kurudi madarakani kwa mapinduzi, nchi jirani zilikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya biashara. Malori ya kutoka Dar es Salaam yakakatika. Petroli ikawa ya magendo, daftari likawa bidhaa ya thamani, na maabara ya lise yetu ikabaki na chupa tupu zenye lebo. Walimu wengine walituandikisha kurasa za kukariri. Yeye alituambia: "Maabara yenu iko kule chini," akinyoosha mkono upande wa Zone Industrielle.

Akatuleta kwa miguu, msururu wa watoto wenye sare za khaki. Upepo ulituletea harufu ya kimea kutoka Brarudi, kiwanda cha bia kilichokuwapo tangu 1955, naye akatusimamisha hapohapo barabarani atueleze namna hamira inavyoigeuza sukari kuwa kileo na gesi. Kuhusu COTEBU, kiwanda cha nguo, alitufundisha habari ya pamba ya tambarare ya Imbo na kwa nini rangi hushika kwenye uzi. Kisha tukaingia kwenye kiwanda kimoja cha sabuni, ambacho msimamizi wake alikuwa rafiki yake. Mitambo mingi ilikuwa imelala kwa kukosa malighafi. Sufuria moja kubwa ilikuwa inachemka: mafuta ya mawese ya Rumonge na soda kidogo iliyokuwa imebaki. Tulimwona mfanyakazi akitia chumvi, sabuni ikajitenga na kuelea juu. Bwana Soda akachukua kaa akaandika fomula sakafuni. Siku ile niliamua kwamba nitakuwa mkemia.

Mtihani wa mwisho wa mwaka aliutunga yeye. Swali la sabuni lilikuwa na pointi 50 kati ya 100. Niliandika mpaka karatasi ikajaa.

Mei 1997 Mobutu akaanguka huko Kongo, na Mwalimu akaanza kuzungumza habari ya kurudi kwao. Alisahihisha, akakabidhi pointi, akaondoka kabla ya proklamasyo.

Siku yenyewe wazazi walisimama uani kwenye jua, direkta akasoma majina kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mama yangu alikuwa amevaa kitenge kipya. Bulletini yangu ilipofika mkononi, mstari wa Kemia ulikuwa umeandikwa kwa wino mwekundu: 47. Katika lise yetu, mwenye wino mwekundu katika Kemia hakuingia tawi la Sayansi. Nikapelekwa Lugha. Mwaka baada ya mwaka nilimlaumu mtu mmoja: yule aliyetufundisha kwa moyo, akanifelisha, akavuka mpaka.

Na sasa alikuwa mbele yangu na filimbi ya zamu shingoni. Februari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Bukavu, maelfu ya Wakongo walivuka kuingia Burundi, naye akiwa miongoni mwao.

Nilingoja wapakiaji waende kula. Nikamfuata.

"Mwalimu," nikasema.

Alinitazama kwa muda. "Madamu, umenijuaje?"

Nilimtajia lise, mwaka na benchi nililokalia. Macho yake yakafunguka. "Binti wa Buyenzi! Wewe ndiye uliyeandika gliserini bila kukosa herufi. Umeishia wapi, mwanangu? Mhandisi?"

"Karani wa bohari, Mwalimu. Ulinipa 47."

Nilikuwa nayo bulletini kwenye mkoba. Juma hilo ofisi ilikuwa imetaka kila mfanyakazi alete karatasi zake za shule zikaguliwe, nami nilikuwa nimeomba nihamishiwe maabara ya kiwanda. Alivaa miwani yenye mkono mmoja, akaisogeza karatasi kwenye mwanga.

"Swali la sabuni nilikupa 50 zote," akasema taratibu. "Karatasi yako niliwasomea walimu wenzangu. Mtu mwenye 50 katika swali moja atapataje 47 kwa jumla?"

Sikuwa na jibu.

"Mimi nne yangu huiacha wazi juu. Hii imefungwa na ina kijimkia. Bulletini zilijazwa na msimamizi wa darasa lenu, kwa kunakili orodha zetu. Mkono huu naujua." Akanyamaza, kisha uso ukambadilika. "Na nimeuona tena leo."

Aliingia kibandani akarudi na rejista ya geti, ile ambayo kila mgeni huijaza mwenyewe. Kidole chake kilishuka hadi mstari wa mwisho. Namba ya gari ilikuwa na nne mbili, zote zimefungwa, zote zina kijimkia. Jina lilikuwa la yule msimamizi wa darasa letu. Kwenye nafasi ya sababu ya ziara alikuwa ameandika: kukagua vyeti vya wafanyakazi.

Saa ya kuingia ilikuwa nane kamili. Saa ya kutoka haikuwa imeandikwa.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO