Eastleigh: uwanja wa abiria uliobaki kambini

Wadau wa Kilosa na Mikumi, sisi tukisikia uwanja wa ndege tunawaza ule wa hifadhini, watalii wanashuka na kamera zao. Leo twende Nairobi, mtaa wa Eastleigh, ambako uwanja wa abiria uligeuka kambi ya jeshi.

Ila hilo neno "uligeuka" lina walakini. Waingereza waliufungua mwaka 1940 kwa ajili ya jeshi lao la anga. Raia walikuwa wapangaji tu, ingawa wapangaji wenyewe si haba: Februari 1, 1952 alitua hapo binti mfalme Elizabeth, na siku tano baadaye baba yake akafariki, akawa malkia akiwa hukohuko Kenya.

Embakasi ilipofunguliwa mwaka 1958, abiria wakahama. Mwaka 1964 Kenya huru ikaanzisha jeshi lake la anga hapohapo Eastleigh, jirani kabisa na makazi ya watu.

Agosti 1, 1982 baadhi ya wanajeshi hao wakajaribu kumpindua Rais Moi. Mambo yalipowaharibikia, Hezekiah Ochuka na mwenzake Pancras Oteyo Okumu wakaondokea Eastleigh kwa ndege ya jeshi aina ya Buffalo, wakatorokea kwetu Dar es Salaam. Serikali yetu iliwarudisha Kenya mwaka 1983, wakanyongwa 1987. Jeshi lenyewe la anga lilivunjwa na kuundwa upya.

Na ile kambi? Inaitwa Moi, jina la yuleyule waliyetaka kumng'oa.