Keki za Zamani na Vipimo Vyake



Shangazi yetu wa Tanga alikuwa mwokaji hodari wa mkate wa mayai, ule mkate mtamu ambao watu wa pwani huula kwa chai au kahawa siku za sikukuu. Alipofariki alituachia karatasi moja, iliyoandikwa na binti yake jikoni: mayai 10, sukari bilauri moja, unga wa ngano kikombe kimoja, iliki kiasi, kisha kupalia makaa. Tulipoisoma tulidhani tumerithi kila kitu. Mwaka ule ule tukajaribu kuoka pamoja na wanafunzi wetu wa chuo cha ualimu, na kilichotoka katika sufuria kilikuwa kigumu kama soli ya kiatu. Basi tukaanza kuulizana. Bilauri ipi? Kikombe gani? Na hicho “kiasi” ni kiasi gani? Bilauri yenyewe ilikuwa imekwisha vunjika zamani, wala hapakuwa na mtu aliyekumbuka ukubwa wake.

Aibu hiyo ndiyo iliyotupeleka kutafuta habari za keki za nyumbani katika nchi ambazo watu wake waliandika sana mapishi yao, hasa Uingereza na Marekani. Tulikuta kwamba shida yetu si ngeni hata kidogo.

Mwaka 1747 huko London kilipigwa chapa kitabu cha mapishi cha Bibi Hannah Glasse. Toleo la kwanza halikutaja jina lake. Lilisema tu kwamba mwandishi ni bibi mmoja. Ndani yake imo keki ya ratili, na jina hilo latoka katika vipimo vyake: siagi ratili moja, sukari ratili moja, unga ratili moja. Ratili moja ni kama gramu 454, yaani karibu nusu kilo. Mayai ni 12, lakini ute mweupe wa 6 huachwa. Na kwa harufu hutiwa mbegu chache za kisibiti. Mtu awezaye kukumbuka neno “ratili” aweza kuikumbuka keki nzima, hata kama hajui kusoma. Twadhani hiyo ni sababu moja iliyoifanya idumu katika jamaa nyingi, mama akimwachia binti.

Lakini tazameni jambo moja. Katika orodha hiyo hamna hamira wala baking poda. Keki iliumuka kwa nini? Iliumuka kwa hewa, na hewa hiyo iliingizwa kwa nguvu za mkono. Mpishi alitia siagi katika bakuli la udongo, akaipiga kwa mkono upande mmoja tu, pasipo kugeuza, hata ikawa laini kama malai mazito. Kisha akachanganya vyote na kupiga saa nzima. Vipovu vidogo sana vya hewa hunaswa katika siagi na mayai; vikipata moto hutanuka, na mvuke wa maji huvisukuma zaidi; mwisho mayai na unga hukauka vikawa kuta za vile vyumba vidogo. Mkono uliochoka upesi ulipata tofali.

Na mkono huo ulikuwa wa nani? Katika nyumba za matajiri haukuwa wa mwenye kitabu, bali wa mtumishi. Sukari nayo ilikuja kama mnara mdogo mgumu uliofungwa kwa karatasi. Sharti ikatwe kwa koleo, itwangwe, ichekechwe. Nyingi ilitoka visiwa kama Jamaica na Barbados, mashambani ambako Waafrika waliochukuliwa utumwani walikata miwa mpaka sheria ya mwaka 1833 ilipoanza kuwafungua. Kwa muda mrefu keki haikuwa chakula cha maskini. Hata ushuru wa sukari ulipofutwa Uingereza mwaka 1874, ndipo nyumba nyingi za kawaida zilipoweza kuoka mara kwa mara.

Jambo la moto lilikuwa gumu zaidi kuandika. Tanuri la matofali lilitiwa kuni ndani, kuni zikateketea, makaa yakakokolewa nje, ndipo keki ikaingizwa katika joto lililobaki. Hapakuwa na kipimajoto. Mpishi alinyunyiza unga kidogo juu ya sakafu ya tanuri: ukigeuka kahawia polepole, vyema, ukiungua mara moja, ngoja kwanza. Wengine waliingiza mkono na kuhesabu. Na huko Marekani, walowezi wasiokuwa na tanuri walioka katika chungu cha chuma chenye kifuniko, makaa chini na makaa juu. Tuliposoma hayo tulicheka, maana huko ndiko kupalia makaa kwa shangazi! Watu wawili wasiojuana, kila mmoja pwani yake, walitafuta njia ya kuleta moto juu ya mkate, wakaipata ile ile.

Huko huko Marekani ndiko tuonako badiliko kubwa. Mwaka 1796, katika mji wa Hartford, Bibi Amelia Simmons, aliyejiita yatima wa Kimarekani, alitoa kitabu ambamo baadhi ya keki hutiwa chumvi iliyosafishwa kutoka majivu ya kuni. Msishangae. Hata kwetu wako bibi wengi wachujao majivu wapate maji ya kulainishia mboga na maharagwe, na wengine hutumia magadi. Chumvi ya namna hiyo ikikutana na kitu kichachu, kama maziwa ya mgando, hutoa gesi, na gesi hiyo huinua unga. Mwaka 1843 mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, ambaye mkewe hakuweza kula vyakula vya hamira, alichanganya magadi laini, unga mchachu na wanga, vyote vikavu, visitende kazi mpaka viloweshwe. Hiyo ndiyo baking poda. Saa nzima ya kupiga ikawa dakika chache. Wako wasemao keki zilipoteza ladha siku hiyo. Sisi twadhani wasemao hivyo hawajapiga siagi saa nzima kwa mkono.

Sasa turudi kwenye bilauri yetu iliyovunjika. Vitabu vya jamaa vya huko vilijaa maneno kama ya shangazi: siagi ukubwa wa yai, unga wa kutosha, kikombe cha chai. Mwaka 1896 Bibi Fannie Farmer wa Boston alitoa kitabu kilichoshika sana kanuni moja: vikombe na vijiko viwe vya ukubwa uliokubaliwa, navyo vijazwe na kukwanguliwa juu kwa kisu. Akasifiwa sana, na kwa haki. Lakini wafanyabiashara wetu wa pwani walikuwa na neno la jambo hilo, walipotofautisha kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Walikuwa na mfuto sokoni, haukuingia jikoni.

Mtu tuliyempenda kuliko wote katika habari hizi ni Bibi Abby Fisher. Alizaliwa utumwani Carolina ya Kusini, akazaa watoto 11, na baada ya uhuru akahamia San Francisco. Yeye na mumewe hawakujua kusoma wala kuandika. Hata hivyo mwaka 1881 kitabu chake kilipigwa chapa, maana alikisema kwa kinywa na wengine wakakiandika, na keki zimo. Wapishi wangapi waliokuwa watumwa walioka maisha yao yote, na sifa zikaandikwa katika daftari la bibi mwenye nyumba! Huyu jina lake liko juu ya jalada.

Dawa ya soli yetu ya kiatu tuliipata katika desturi ya Waingereza wa karne ya 19. Wengi wao walipima keki kwa mayai yenyewe. Weka mayai, na maganda yake, upande mmoja wa mizani. Upande wa pili tia sukari mpaka sawa. Kwa keki ya siagi, unga na siagi navyo hupimwa vivyo hivyo. Kwa mkate mwepesi usio na siagi, unga hupimwa kwa nusu ya mayai. Hivyo mayai madogo ya kuku wetu hayaharibu kitu, wala hapana haja ya bilauri ya mtu yeyote.

Wanafunzi wakatengeneza mizani kwa fimbo, kamba na makopo mawili yaliyo sawa. Mayai 10 kwa sukari; kisha mayai 5 kwa unga. Wakapokezana mchapo mpaka povu likawa jeupe na zito, wakachanganya unga taratibu, wakapalia makaa mengi juu na machache chini. Mkate ukaumuka mpaka ukingoni mwa sufuria.

Tulimpelekea kipande binti wa shangazi, yule aliyeiandika karatasi. Akatafuna kimya, akafumba macho.

“Kaka, mkate ndio huu,” akasema. “Lakini iliki mmeionea choyo.”

Tukaleta mfuko wa iliki. Akazichambua kiganjani, akanusa, akaongeza, akapunguza mbili, akanusa tena. Kisha akatumiminia zote mezani tuzihesabu. Zilikuwa 22. Tukakata neno “kiasi” katika karatasi ile, tukaandika hesabu hiyo juu yake.